Samaki wa Kumrudisha Mwanasiti

Jumatatu, 1 Septemba 1986

Nimepata! Wallahi nimepata! Nilikuwa nakunywa chai asubuhi, ile chai yangu ya siku hizi isiyonyweka, fikra ikanijia nzima, na mikono na miguu yake.

Nieleze kwa utaratibu, maana shajara bila utaratibu ni kelele tu. Mwanasiti, mke wangu, amesusa. Yuko kwa mamake Mambrui tangu mwezi uliopita. Sababu ni bata mzinga. Nilikuwa na mradi wa kuwafuga niwauze mahotelini. Mvua ikanyesha, banda likavuja, nikawaingiza chumbani. Kwa muda tu! Wakapanda kitanda chake cha samadari. Wakafanya juu ya mashuka ya harusi yale wafanyayo bata. Mwanasiti hakupiga kelele. Alinitaka niseme nimekosa, basi. Nikamwambia waliokosa ni bata. Akavaa buibui akaenda zake.

Bata nimeshawauza. Nyumba ni pana, sikujua kama ni pana hivi.

Aboud fundi saa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, asema dawa yake haina ugumu. Mume avae kanzu safi, aende kwa wakwe na mtu mzima mmoja, akae barazani, aseme nimekosa. Kabla ya Magharibi amerudi na mkewe. Anasema hivyo huku akipuliza vumbi kwenye saa ya mtu. Rahisi kwake! Mkewe hajasusa hata siku moja, basi ajiona kadhi.

Mimi siendi. Mimi ni fundi wa fremu, nusu ya maharusi wa mji huu wa Malindi wako ndani ya vioo vyangu. Nitamrudisha kwa akili.

Fikra ni hii. Mwaka tuliooana nilipeleka kioo kikubwa kwenye hoteli moja ya watalii, nikaenda naye. Pale mapokezi palikuwa na sanduku la kioo limejaa maji. Ndani majani mabichi yameota, na visamaki vinapita katikati, taratibu, kama havina pa kwenda. Mwanasiti akasimama pale. Nikatundika kioo changu, nikanywa soda, nikarudi, bado kasimama vile vile, ukaya wa kichwani kaushika kidevuni. Akasema hawa hawagombi na mtu, wanapita tu. Akauliza kama na sisi twaweza kuwa nalo. Nikamwambia wiki ijayo.

Wiki yenyewe haijaja. Basi sasa itakuja! Sanduku likiwa tayari, habari zitavuka daraja la Sabaki zenyewe mpaka Mambrui. Mwanasiti atakuja kutazama. Akiingia atavua buibui, kuna joto. Akivua buibui ataliona jiko lilivyo. Akiliona jiko hatatoka tena. Na mimi neno sijalisema!

Jumatano, 3 Septemba

Sanduku limekwisha. Vioo nilikuwa navyo, mabaki ya makabati. Pembe nimezifunga kwa vyuma, nyufa nimeziziba kwa lami. Si kubwa, urefu wake kama mto wa kulalia. Zuri mno! Nimetia maji ya kisima. Limevuja pembe zote nne, hakuna iliyopendelewa. Nimeziba upya. Sasa lavuja pembe moja. Maendeleo.

Majani kaniletea Nyevu, mama wa Kigiriama auzaye mboga na madafu mtaani kwetu. Kwao ni mbele ya Mambrui, kwa hivyo kila ajapo hupita pale. Nilimwagiza majani yaotayo majini. Amecheka hata kapu likataka kumwanguka kichwani. Ati kwao majani hayo hung'olewa yakatupwa, kumbe huku mjini yawekwa nyuma ya kioo! Nikamwambia hii ni siri, asiitaje Mambrui kabisa. Nimemkariria tena na tena, asije akasahau kuitaja.

Nimeyapanda kwenye mchanga moja moja. Nimekaa kuyatazama mpaka kazi za watu zikanipita. Nilidhani nitamuona Mwanasiti upande wa pili wa kioo.

Ijumaa, 5 Septemba

Majani yamekufa! Yamelegea yakawa rangi ya mkojo wa ngamia. Aboud akachovya kidole, akalamba, akauliza kama sijui kisima changu kina chumvi. Miaka yote hii nimekunywa chai ya kisima changu, na ilikuwa chai ya mtu kumsifia! Aboud akanitazama kwa huruma nisiyoipenda. Asema mke wangu hakuchota kisimani hata siku moja. Kila alfajiri alikuwa anakwenda kwa kina Aboud na ndoo, kuteka kwenye birika lao la maji ya mvua. Ati alisema mume wangu hapendi chai ya chumvi.

Sikulijua hilo. Nimerudi ndani nikakaa juu ya ndoo.

Halafu nikaenda kuomba maji ya mvua, maana sanduku halingojei majonzi. Aboud akakubali kwa sharti nimtie kasuku wake ndani ya fremu. Picha yake, si kasuku mwenyewe. Fremu ya rangi ya dhahabu, yenye nakshi! Ndege ambaye hata kusalimia hajui.

Jumapili, 7 Septemba

Majani mapya, maji ya mvua, mambo safi. Imebaki kuchagua samaki. Nikashuka pwani alfajiri kwa wavuvi, nikachagua wale wadogo wa mwambani wenye mistari ya njano na buluu. Warembo, wachangamfu. Mvuvi akaniambia hawa ni wa bahari. Nikamwambia maji ni maji. Akanitazama, akatazama wenziwe, akaniuzia.

Kabla ya Adhuhuri wote tumbo juu. Nilijaribu kuwasaidia, nikatia chumvi ya jikoni kwa kijiko. Samaki hawakupona na majani yakaudhika. Mmoja alilala ubavu akinitazama kwa jicho moja, kama mtu aliyeahidiwa jambo. Nimewazika chini ya mpapai.

Jioni Nyevu akaniuliza, kwani nataka samaki gani hasa. Nikamweleza. Awe mrembo. Awe mpole. Awe mdogo, asile majani, asile wenziwe, asichafue maji, na asife upesi. Nyevu akatua kapu chini. Asema nikimpata wa namna hiyo nimwite, hata yeye ataolewa naye.

Jumanne, 9 Septemba

Kambare! Nyevu kamleta ndani ya debe, kutoka kinamasi cha kwao. Ana ndevu, ana kichwa kipana, ana mwendo wa mtu mzima. Amejilaza chini ya majani akanyamaza. Huyu hafi kwa jambo dogo. Nimempenda.

Na siri imefika! Nyevu kapita kwa mkwe wangu, Bi Hafidha, akawasimulia yote. Bi Hafidha alisema lahaula. Mwanasiti aliuliza kitu kimoja tu, kama nakula vizuri. Nikamtaka Nyevu arudie. Akarudia. Nikamuuliza aliuliza kwa sauti gani. Akasema kwa sauti ya kuuliza. Wanawake wengine hawajui kusimulia!

Kama nakula vizuri. Mwenyewe, kwa mdomo wake.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya furaha! Nyevu kaja na chupa. Nilidhani mafuta. Nikaishika kwenye mwanga, subhanallah! Visamaki virefu kama kidole cha mtoto, mwili buluu, mkia mwekundu wa kuwaka. Nikauliza vimetoka nchi gani. Vimetoka kwenye dimbwi la ng'ombe, nyuma ya shamba lake. Wamo kila masika, ati hakuna anayewajali, hawajazi hata kijiko. Dimbwi linakauka, hawa ndio wa mwisho.

Miaka yote nilidhani vitu hivi hutoka Ulaya! Nikawamimina. Wakatawanyika kwenye majani. Ni wale wale, wa Mwanasiti, wanaopita tu bila kugomba na mtu. Nilitokwa na machozi kidogo, ya lami bila shaka.

Nyevu akanyoosha kidole kwa kambare, akaanza kusema neno. Nikamwambia huyo ni mtu mzima, atawaangalia. Nimemtuma akapige mbiu Mambrui, kwamba sasa lipo la kutazamwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Kambare peke yake. Amenona. Ndevu zake zatikisika.

Sikuandika zaidi asubuhi, sikuweza. Mchana nimempika. Nilimla kwa hasira, kisha nikakumbuka kwamba nawala na wale wengine, nikamwachia Aboud nusu iliyobaki. Aboud asema mtamu ila chumvi haba.

Nyevu hana wengine, dimbwi limekuwa matope yaliyopasuka. Akanituliza. Ati hawa huwa hivyo, maji yakikauka wanakwisha, mvua ikinyesha wamo tena. Hakuna awaletaye wala awaitaye. Wanarudi wenyewe.

Wanarudi wenyewe. Neno hilo nimeliweka.

Jumamosi, 13 Septemba

Perege, dume na jike. Nyevu asema safari hii hakuna wa kumla mwenziwe. Kweli hawalani. Lakini dume ana miradi! Tangu aingie achimba shimo mchangani, abeba mchanga kwa mdomo, autema kule, arudi. Majani yote kayang'oa, yaelea juu. Nikipanda, ang'oa. Nimemuuliza shimo la nini. Hajui, achimba tu. Sijapata kumuona mpumbavu mkaidi kama yule.

Jike kajitenga pembeni, kafumba mdomo. Nikimtupia chakula hata hageuki. Kanuna. Tabia hiyo naijua.

Habari mbaya. Aboud kazipata msikitini kwa mtu wa Mambrui. Mjomba wa Mwanasiti, Mzee Fumo wa Faza, yu njiani. Jumamosi ijayo amchukua mpwa wake akakae huko kwao visiwani Lamu. Si kutembea, kukaa. Ati mwanamke asiyefuatwa na mumewe hawezi kuozea barazani. Aboud akasema vaa kanzu, twende kesho. Nikamwambia kesho nina fremu ya kasuku wake. Akasema hataki fremu. Nikamwambia ahadi ni deni.

Jumatatu, 15 Septemba

Jike bado hali. Nilikaa mbele yake tangu alasiri. Nikaanza kumsemesha, hakuna mtu dukani. Nikamwambia najua umenuna. Najua huyu mwenzio ana shimo lisilokwisha. Kisha, sijui ilikuwaje, nikamwambia: nimekosa.

Lilitoka laini kabisa! Nikamwambia tena. Nimekosa, Mwanasiti, mashuka yale yalikuwa ya bibi yako, na maji ya birika sikuyajua. Nimekosa.

Nikageuka, Nyevu kasimama mlangoni na madafu. Sijui alisimama tangu lini. Hakucheka. Aliuliza mbona maneno mazuri hivyo anapewa samaki. Nikamnunulia dafu ili anyamaze.

Jumanne, 16 Septemba

Alhamdulillahi! Jike kafumbua mdomo, wakatoka watoto! Wengi, wadogo kama chembe za mtama, wakafanya wingu mbele ya uso wake. Nikagonga kioo kidogo, wote wakarudi mdomoni mwake, akafumba. Kumbe hakununa! Kumbe muda wote alikuwa kakumbatia kitu asiweze kula wala kusema. Nilikimbia kumwita mtu aje aone. Nikafika jikoni ndipo nikakumbuka kwamba hayupo wa kuitwa.

Mwanasiti lazima aone samaki. Na kama haji yeye, samaki ataenda! Jike siwezi kumhamisha, ana wana. Nitampeleka dume. Yeye ndiye mfano wangu hasa, mwenye bidii, asiyeeleweka. Nimemtia kwenye chungu kikubwa, maji ya mvua, majani pembeni, kitambaa juu. Nyevu kakitia kichwani. Nikamwagiza aseme neno moja tu: zawadi kutoka kwa Mbaruk.

Mwanasiti atakitazama chungu, ataelewa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeliwa!

Nyevu karudi bila chungu, kashika bakuli lililofunikwa kawa. Bi Hafidha alipofunua chungu alipiga kigelegele. Mkwe kaleta kitoweo! Mume aletaye samaki kwa wakwe ni mume anayeilisha nyumba yake, na tangu dunia iwe dunia hakuna aliyepeleka samaki Mambrui ili atazamwe. Alisifu hata majani, ati nimeweka ili kitoweo kisiharibike. Na kwa kuwa chombo cha watu hakirudi kitupu, nami nikarudishiwa sehemu yangu, ndani ya mchuzi wa nazi. Chungu kimebaki kuoshwa.

Nilitaka kulitupa bakuli ukutani. Nikafunua kawa kwanza. Harufu ile.

Kipande cha embe bichi upande mmoja. Pilipili nzima, haikupasuliwa. Mambrui nzima hula pilipili ya kupasua, mtu akatokwa na jasho masikioni. Mtu mmoja tu ulimwenguni huiacha nzima, kwa sababu mumewe hawezi ukali. Nimekula taratibu. Nilipofika mwisho nikafuta bakuli kwa mkate, kisha kwa kidole. Nililia, na safari hii hapakuwa na lami.

Nyevu alingoja nimalize. Ndipo akanipa salamu. Mwanasiti kasema samaki amefika, je, mwenyewe aliyemtuma?

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwenda Mambrui! Naandika nimerudi, kanzu bado mwilini.

Aboud alikuja kama mtu mzima wangu. Njiani alinikaririsha. Nisalimu, nikae, niseme nimekosa, ninyamaze. Bakuli la watu nilikuwa nalo mapajani. Alitaka tutie halua ndani. Nikamwambia ninacho cha kutia, nimetia maji na majani na watoto wa perege wachache. Alifumba macho.

Tukakaa barazani. Shikamoo mama. Marahaba baba. Kahawa ikaja. Mzee Fumo pembeni na tasbihi yake. Pazia la mlango likatikisika, na chini yake nikaviona vidole vya miguu ya Mwanasiti. Kidole kidogo cha kulia chapanda juu ya mwenziwe, tangu utotoni. Sikuwa nimeviona tangu mwezi uliopita. Nilivitamani vidole vile kuliko kitu chochote mjini Malindi.

Bi Hafidha akauliza kwa upole, baba, umetujia na nini. Neno likapanda, likafika kwenye meno. Nalo lilikuwa tayari, nimelifanyia mazoezi! Nikafungua kinywa nikasema, nimeleta bakuli lenu.

Aboud akanikanyaga mguu. Lakini nilikwisha kuanza. Nikaeleza kwamba kambare hafai, na samaki wa mwambani hawafai, na perege dume mharibifu lakini watoto wake wapole, na maji lazima yawe ya mvua. Nilieleza mpaka kahawa ikapoa. Bi Hafidha akapokea bakuli, akachungulia, akasema haya baba, tumeshukuru. Nilipotazama chini ya pazia, vidole havipo.

Tukavuka daraja kurudi. Aboud akasema lahaula.

Jumapili, 21 Septemba

Ameondoka. Jana, kwa basi la Lamu, na mjomba wake. Nyevu alikuwapo barabarani akiwauzia abiria madafu.

Lakini ngojeni! Alilipakata lile bakuli! Nyevu kaona kwa macho yake. Kalifunika kwa pembe ya leso, mjomba akataka kumshikia, akakataa. Basi likaondoka yeye kainama, akiwatazama. Amewachukua! Mtu aliyekatika moyo hapakati samaki wa mtu mpaka Lamu.

Nyevu aliongeza kwamba kabla ya kupanda, Mwanasiti alimuuliza kama ni kweli nililisema neno lile kwa samaki. Akamjibu ni kweli, tena zaidi ya mara moja. Mwanasiti akasema angelisikia yeye hata mara moja, angelirudi nyumbani na mizigo yake.

Nimemkimbilia Aboud na habari hizi njema. Akaweka chini saa ya watu. Akasema kesho kuna basi jingine la Lamu, panda, fika, sema, rudi. Kaniambia kanzu atanipigia pasi yeye mwenyewe. Aboud hajui mambo! Wale wa buluu wenye mkia mwekundu, nani huwafuata? Mvua ikinyesha wamo. Mvua za vuli haziko mbali. Tena chungu changu kingali kwa mkwe, na chungu cha watu hakirudi kitupu. Nitangoja.

Na sitangoja bure. Lile sanduku lilikuwa dogo, kosa lilikuwa hapo tu. Leo nimepima kioo cha sanduku jipya, kubwa, la ukuta mzima, litaingia chumbani pale kilipo kitanda. Kitanda nitakitoa nje kwa muda tu.

Jike bado yupo, na wanawe waliosalia. Kila alfajiri nateka maji kwa kina Aboud, nambadilishia, kisha nakaa mbele yake na kumwambia nimekosa. Nalisema vizuri sana sasa, bila kukwama hata kidogo. Laiti Mwanasiti angelikuwapo asikie.